Tela, Mahema na Bibi: Siku Tisa Katika Pwani ya Kusini

Kuna safari ambazo familia huzipanga kwa ajili ya kujifurahisha, na kuna nyingine ambazo huzipanga kwa sababu ina deni. Yetu ilikuwa ya aina hiyo ya pili, ingawa watoto waliidhani ni ya kwanza, nasi tuliwaacha wadhani hivyo.

Deni lenyewe lilikuwa hili. Mwezi Mei mwaka 2024, dada yake mama yetu alifariki dunia huko Mikindani, mkoani Mtwara. Wiki ile ile kimbunga Hidaya kilikuwa kimepiga pwani yetu, na mafuriko yalikuwa yameikata barabara ya kusini katika wilaya ya Kilwa. Magari hayakupita. Mama yetu, ambaye watoto humwita Bibi, alipanga nguo zake katika kisanduku chake kidogo cha bati, akajitanda khanga, akakaa barazani akingoja tumwambie kwamba njia imefunguka. Jioni tulimwambia bado. Kesho yake tulimwambia bado. Dada yake akazikwa bila yeye.

Baada ya siku kadhaa magari yalianza kupita tena. Lakini kufikia wakati huo sisi tulikuwa tumekwisha kupata sababu nyingine: kazi, ada za shule, mitihani, gari lina kasoro. Bibi hakuuliza tena. Alikifungua kisanduku, akazirudisha nguo kabatini, na tangu siku hiyo akawa mtu wa maneno machache. Kila mama anayeishi na mzee nyumbani anaujua ukimya wa namna hiyo. Haugombi wala haununi. Unakaa tu mezani pamoja nanyi, unakula, unashukuru, unakwenda kulala.

Mwaka mzima ulipita. Likizo ya Juni 2025 ilipokaribia, tulikaa chini usiku mmoja watoto wakiwa wamelala, tukakubaliana kwamba safari hii tutampeleka Bibi kwao, na tutakwenda wote sita.

Nyumba yenye magurudumu mawili

Tulipopiga hesabu ya vyumba vitatu vya nyumba ya wageni kwa usiku minane, tuliona kwamba fedha zetu zingekwisha kabla hatujafika Lindi. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la mahema. Tulikwenda Gerezani, Dar es Salaam, kwa fundi mchomeleaji, tukamweleza tunachotaka: tela dogo la magurudumu mawili, lifungwe nyuma ya gari letu kuukuu, liwe na rafu mbili za vyombo, mahali pa jiko la gesi na mahali pa madumu ya maji, na juu yake turubai la kukunja na kukunjua kama kibanda. Fundi alicheka, akasema amekwisha kutengeneza matela ya mbuzi na ya matofali, lakini la kumsafirisha bibi na sufuria zake ni la kwanza.

Bibi mwenyewe alilizunguka tela mara mbili akiwa ameshika kiuno. "Nimezaliwa katika kambi ya bandari chini ya mabati," alisema, "nikalelewa katika nyumba ya udongo, nikazeekea katika nyumba ya matofali. Sasa mnanirudisha kwenye kitambaa?" Watoto walicheka hadi machozi. Sisi tulicheka pia, maana ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizotuambia kwa miezi mingi.

Kuvuka Rufiji

Tuliondoka alfajiri, tukapita Mbagala kabla ya msongamano, kisha Mkuranga na Kibiti. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kama kilomita 560. Basi huzimaliza kwa siku moja, lakini mwenye tela na mtoto wa miaka saba asijidanganye. Tulisimama kila baada ya saa mbili. Barabarani akina mama walikuwa wameanika mikeka yao ya ukindu, na Bibi alishuka kuishika mmoja mmoja, akiupitisha ukingo wake katikati ya vidole kama mtu asomaye.

Baada ya Ikwiriri tulifika katika Daraja la Mkapa, ambalo lina urefu wa karibu kilomita moja na lilifunguliwa mwaka 2003. Tulisimama kabla ya kuvuka. Mto Rufiji ulikuwa mpana na wa rangi ya chai ya maziwa. Bibi aliwaonyesha watoto upande wa Ndundu, kilipokuwa kivuko. Mara yake ya mwisho kwenda kusini ilikuwa mwaka 2001, na basi lao lilingoja ng'amboni usiku mbili kwa sababu mto ulikuwa umejaa. Walilala juu ya mizigo. Mama mmoja alijifungulia pale pale, na wanawake wakamzungushia khanga.

"Wakamwita nani mtoto?" aliuliza binti yetu mkubwa, aliye na miaka kumi na sita na ambaye kwa kawaida haulizi kitu.

"Wakamwita Safari," alisema Bibi. "Ungemwita nani?"

Tulipopita Somanga tuliona mahali ambapo maji yaliikata barabara. Mafundi walikuwa bado kazini, na udongo mpya ulikuwa mwekundu kandokando. Hakuna aliyesema neno garini. Bibi alitazama dirishani mpaka tulipopapita, kisha akaomba maji ya kunywa.

Kilwa, mji uliokuwa na sarafu zake

Jioni tuliingia Kilwa Masoko, tukaomba kupiga mahema katika ua wa nyumba ndogo ya wageni karibu na ufuko wa Jimbizi. Kwa malipo madogo tulipewa kivuli, choo na maji ya kisima. Watoto walilala katika hema moja, sisi katika la pili, na Bibi akapewa godoro ndani ya tela, chini ya turubai, chandarua kikining'inia kutoka kwenye chuma. Asubuhi tulipomuuliza amelalaje, alijibu: "Vizuri. Upepo hauna kodi."

Siku ya pili tulipata kibali katika ofisi ya mambo ya kale, tukavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani. Mama mwenzetu, kama mtoto wako amewahi kukuambia kwamba historia haina ladha, mpeleke kisiwa hiki. Hapa palikuwa na mji ulioshika biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 na kuusifu kwa uzuri wake. Msikiti Mkuu, ambao ulianza kujengwa katika karne ya 11 na kupanuliwa baadaye, bado una matao na nguzo za mawe ya matumbawe. Juu ya genge, mbali kidogo, yako magofu ya Husuni Kubwa, jumba lililojengwa zamani za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, likiwa na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Mwana wetu wa miaka kumi na miwili alilizunguka akizihesabu pembe, kisha akahesabu tena kwa kurudi nyuma, asiamini.

Lililomshangaza zaidi lilikuwa jambo la sarafu. Kilwa ilitengeneza sarafu zake za shaba, na mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota chache za namna hiyo katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi. Zilifikaje huko? Wataalamu wanajadiliana hadi leo. Kijana alitembea siku nzima akitazama chini, na kila kifuu kilichong'aa alikipindua kwa kidole cha mguu.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na yale ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa kati ya yaliyo hatarini, kwa kuwa bahari na mvua zilikuwa zikiyala, na baada ya kukarabatiwa yakaondolewa katika hatari hiyo mwaka 2014. Lakini kisiwa si magofu tu. Pana kijiji, pana watoto wanaokwenda shule, na pana akina mama waliotuuzia maandazi ya moto na kumwita Bibi "dada" kana kwamba alikuwa ametoka sokoni tu.

Njia ya misafara

Siku ya tatu tulipitia Kilwa Kivinje. Ni mji mdogo uliotulia, wenye nyumba kuukuu za mawe zinazobomoka polepole, na mikoko imeizunguka pwani yake. Lakini katika karne ya 19 hapa palikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa, na wengi waliofika walikuwa wamefungwa shingoni. Njia ambayo sisi tuliipita na tela la sufuria, wao waliitembea kwa wiki nyingi, na wasiofika hawakuhesabiwa. Hapa pia, katika siku za vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, Wajerumani waliwanyonga mashujaa katika mwembe ambao watu wakauita Mwembe Kinyonga.

Tulidhani tutawaeleza watoto habari hizi sisi wenyewe. Tulikuwa tumesoma vitabu. Kumbe aliyekuwa na la kusema ni Bibi.

Alikaa juu ya kizingiti cha nyumba moja isiyo na paa, akasema kwamba mama wa babu yake alipitishwa hapa akiwa mtoto mdogo. Jina lake la nyumbani lilipotea njiani. Jahazi lililomchukua lilikamatwa baharini na Waingereza, akapelekwa Unguja, akalelewa pamoja na wengine waliookolewa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watu wa namna hiyo, akashuka nao Lindi, wakatembea kuelekea bara. Nia ilikuwa kuwafikisha Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi wakapapenda, wakakaa. Mtoto yule alikuwa mmoja wao.

"Kwa hiyo sisi si watu wa Masasi?" aliuliza kijana.

"Ni watu wa Masasi," alisema Bibi. "Watu ni wa pale walipozika."

Tuliposikia hivyo tulitazamana. Miaka kumi na minane tumeishi na mama huyu katika nyumba moja, tumemjulia dawa zake na chai asiyoweka sukari, na hadithi hii hatujapata kuisikia. Hatukuwa tumemwuliza. Usiku ule binti yetu alitoa daftari lake la hesabu, akaligeuza upande wa nyuma, akaanza kuandika.

Usiku wa bamvua

Sasa tuungame kosa letu, ili wengine wasilirudie.

Jioni hiyo tulifika katika kijiji kimoja cha wavuvi, kaskazini mwa Lindi. Tulikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba ruhusa, jambo ambalo kila msafiri wa mahema lazima alifanye. Alitupokea vizuri, akatuonyesha mahali chini ya mikorosho, juu kidogo ya ufuko. Ardhi ilikuwa na majani makavu na sisimizi. Hatua themanini hivi kutoka hapo palikuwa na mchanga mweupe safi kama unga wa sembe. Gari tuliliacha kwenye mikorosho, lakini tela tulilisukuma kwa mikono hadi mchangani, tukapiga na mahema yote mawili huko.

Bibi alitazama mstari wa mwani mkavu uliokuwa juu yetu, kisha akatazama mbinguni. Mwezi ulikuwa mpevu. "Haya ni maji ya bamvua," alisema. "Yatafika hapa." Mmoja wetu alijibu, kwa ile sauti ya upole tunayoitumia kwa wazee tusipokusudia kuwasikiliza, kwamba bahari iko mbali, Mama, ona ilivyo mbali. Na kweli ilikuwa mbali. Bahari ikipwa huwa mbali.

Saa tisa ya usiku tuliamshwa na sauti yake, tulivu kabisa: "Amkeni. Mwenye nyumba amekuja."

Maji yalikuwa yakilamba magurudumu ya tela. Katika mwanga wa mwezi tulimwona Bibi amesimama kando, kisanduku chake kichwani na mtoto mdogo amemshika mkono, wote wawili wamekwisha kutoka wakati sisi bado tunatafuta viatu. Tulikusanya watoto, tukang'oa hema moja, la pili likachukuliwa na wimbi na kukunjamana kama nguo ya kufuliwa. Tela lilizama mchangani hadi kwenye ekseli. Tulivuta, tukasukuma, likazidi kuzama, na maji yakazidi kupanda.

Wavuvi waliokuwa wakijiandaa kwenda baharini walisikia kelele zetu, wakaja mbio na kamba. Wanawake wakatoka majumbani na taa. Hatujui walikuwa wangapi. Walilizunguka tela, mmoja akaanzisha wimbo wa kuvutia mashua, na kwa kila mwitikio likapanda kidogo, likapanda kidogo, hadi likakaa kwenye mikorosho pale tulipoonyeshwa tangu mwanzo. Tulipoteza unga, mchele, hema moja na sufuria kubwa. Mtu hatukumpoteza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulivunjika magunia tu, tukashukuru.

Alfajiri mmoja wetu alikwenda kumwomba Bibi radhi. Alisema, "Mama, tusamehe, hatukukusikiliza." Bibi alikuwa akikamua maji katika khanga. Hakuinua uso. "Si jana tu," alisema.

Hakuna zaidi ya hayo yaliyosemwa. Lakini mlango ulikuwa umefunguka.

Tulikaa kijijini hapo siku nzima tukianika vitu vyetu. Mnamo saa nne asubuhi bahari ilipwa tena mpaka miamba ikaonekana, na wanawake wakashuka na vijiti vyao kutafuta pweza. Binti yetu na kijana walikwenda nao. Walirudi na pweza mmoja mkubwa waliyepewa, na Bibi akawaonyesha jinsi ya kumpiga juu ya jiwe mpaka alainike, jinsi ya kumchemsha bila kumwekea chumvi mapema, na jinsi ya kumtia tui zito mwishoni na kukoroga polepole lisikatike. Mchele tuliazima kwa jirani. Tulikula wote pamoja na wenyeji wetu kwenye mkeka mmoja, na hatukumbuki mlo mwingine uliokuwa mtamu kiasi hicho.

"Barabara ilifungwa mwaka mzima?"

Tulipita Lindi, tukasimama kidogo pwani pale waliposhuka watu wa mwaka 1876, kisha tukaendelea kupitia Mingoyo. Mashambani ufuta ulikuwa umefungwa matita, umesimamishwa ukauke. Kando ya barabara watoto waliuza ming'oko iliyochemshwa, ile mizizi mirefu ya porini ambayo watu wa kusini hawaachi kuisifu. Bibi alinunua mafungu matatu, akala la kwanza peke yake, amefumba macho.

Mikindani ni mji mkongwe uliokaa katika ghuba tulivu. Vichochoro vyake ni vyembamba, nyumba nyingine zina roshani za mbao, na kilimani iko boma iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1895. David Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya barani, mwaka 1866. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilipoanzisha ule mradi mkubwa wa karanga, ilijengwa bandari mpya ya kina kirefu Mtwara, jirani tu, pamoja na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ulishindwa na kuachwa mwaka 1951, na baadaye hata reli iling'olewa, lakini bandari ilibaki. Baba yake Bibi alitoka Masasi kuja kufanya kazi katika ujenzi huo, na ndiyo maana Bibi alizaliwa hapa, mwaka 1950, na dada yake akaolewa hapa.

Tulimkuta binti wa marehemu nyumbani. Alitupokea kwa adabu zote. Alimwamkia Bibi kwa magoti, akamwita Mama mdogo, akatuletea viti na maji ya kunywa. Lakini yeye mwenyewe hakukaa. Alisimama mlangoni amekunja mikono. Tulianza kueleza habari za kimbunga, na jinsi barabara ilivyokatika, na jinsi tulivyosikitika.

Alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, bila kupandisha sauti: "Kaka, wifi, barabara ilifungwa mwaka mzima?"

Tulikosa la kusema. Watoto walitutazama, na kwa mara ya kwanza wakaelewa hii ilikuwa safari ya nini.

Aliyejibu ni Bibi. "Hapana, mwanangu. Barabara ilifunguliwa. Tuliofunga ni sisi. Na mimi ni mmoja wao, maana nilinyamaza, na kunyamaza nako ni kufunga."

Ndipo yule dada alipokaa chini, akalia, na Bibi akalia naye. Sisi tulitoka nje na watoto. Baadaye walituita, tukapanda wote makaburini. Bibi alipalilia kaburi la dada yake kwa mikono yake mwenyewe, akakataa kusaidiwa, kisha akakubali mjukuu wake wa mwisho amsaidie. Aliongea na dada yake kwa Kimakua muda mrefu. Watoto hawakuelewa neno hata moja, na hakuna aliyeuliza lini tutaondoka.

Msimbati

Siku mbili za mwisho za kupumzika tulizipitisha Msimbati, kusini ya Mtwara, ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na maingilio ya mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ni karibu na mpaka wa Msumbiji. Safari hii tulikuwa saba, kwa sababu yule dada alifunga ofisi yake ya ushonaji, akaja na mtungi wake na mbuzi ya kukunia nazi, akisema hawezi kutuachia Mama mdogo, tutamlaza tena majini. Utani huo ulitufurahisha, maana hatutanii na mtu tuliyemfungia moyo.

Ufuko wa Msimbati ni mrefu, mweupe, na siku nyingine huoni mtu isipokuwa mvuvi na jua. Lakini ardhini mna gesi asilia, na bomba lililokamilika mwaka 2015 linaipeleka mpaka Dar es Salaam kuzalisha umeme. Binti yetu alisema ajabu: taa ya kusomea chumbani kwake huenda inatoka hapa, na hakuwa anajua. Bibi alimjibu, "Vingi unavyotumia vinatoka huku, mjukuu wangu. Hata wewe."

Tulipofunga mizigo, kisanduku cha bati hakikuletwa garini. Bibi alikuwa ameamua kubaki kwa binti wa dada yake hadi mwisho wa Agosti. Turubai la tela lilipigapiga kwa upepo njia nzima ya kurudi, na hakuna aliyetaka kukaa kiti chake. Agosti ilipokwisha alirudi mwenyewe kwa basi, ametoka Mtwara alfajiri na kufika kwetu usiku, na kapu la ming'oko miguuni. Alikuwa anaongea kabla hajashuka.

Kwa mama anayepanga safari kama hii

Haya machache tumeyajifunza, mengine kwa gharama.

Chagueni Juni au Julai. Kusini mvua zimekwisha, jua si kali, na watoto wako likizo. Usiku kuna baridi ya upepo wa kusi, hivyo kila mtu awe na blanketi.

Hamasisheni kila mtoto awe na kazi yake: mmoja maji, mmoja taa, mmoja kuhesabu vyandarua. Vyandarua visipungue hata kimoja, maana pwani kuna malaria. Bebeni dawa za mzee za siku zote pamoja na akiba ya siku tano zaidi.

Sisi sita tulitumia madumu mawili ya lita 20 kwa siku, ya kunywa, kupikia na kunawa. Jazeni kila mnapopata maji safi, msingoje yaishe.

Msipige hema popote bila kumwona mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji. Akiwaonyesha mahali, kaeni hapo hapo. Tafuteni mstari wa mwani mkavu, nanyi mkae juu yake, si chini. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, ongezeni umbali.

Mwenye tela asiendeshe usiku, wala asilijaze juu kuliko nyuma ya gari.

Na la mwisho halihusu mahema. Kama kuna mzee nyumbani kwako ambaye siku moja alifunga kisanduku chake kisha akakifungua tena, usimpite barazani. Kaa naye, umwulize alikuwa anakwenda wapi. Huenda barabara iko wazi siku nyingi.